UZI: "Soprano" iliyotufika bandarini ikiwa ya G. Majina ya mabaragumu ya Marekani yanasema nini, na yananyamazia nini

#1 PumziMbili

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, nawaomba uvumilivu. Nauandika kwa sababu naona vikundi vingi vya matarumbeta hapa kwetu vinaagiza vyombo vya mtumba kutoka Marekani, na jina moja tu kwenye tangazo linaweza kuwamalizia mchango wa mwaka mzima.

Mimi napiga matarumbeta kwenye harusi na sendofu hapa Dar. Tuko 9, na kwa muda mrefu sauti ya kwanza ilibebwa na mtu mmoja. Tukachanga. Tukaona tangazo mtandaoni: "soprano", ziko mbili, bei tunaiweza. Sisi wote tumekulia kwenye kwaya. Ukituambia soprano tunajua ni sauti ya kwanza, na kwenye bendi sauti ya kwanza ni tarumbeta. Tukalipa.

Mzigo ulipofika tuliufungulia nyumbani kwa mwenyekiti. Shaba nzuri, nzito, mdomo wa mbele unaotoa sauti ni mpana kuliko wa tarumbeta zetu. Vali mbili, wakati tarumbeta zetu zina tatu. Hizo vali zilitushtua, lakini tukasema tupulize kwanza. Mwenzangu akapuliza do bila kubonyeza kitu, nami nikapuliza do yangu. Hazikukutana. Yake ilikuwa chini kwa nusu toni 3. Tukavuta mrija wa kurekebishia, ikazidi kushuka, maana ukivuta unaurefusha mrija, na mrija ukirefuka sauti inashuka. Hakuna kuvuta ukapanda.

Muuzaji hakudanganya. Kile chombo jina lake kweli ni soprano. Ila ni soprano ya baragumu (Wamarekani wanasema "bugle"), kii yake, yaani noti ya kinanda inayolia ukipuliza do bila kubonyeza vali, ni G, na tarumbeta zetu ni za B-flati. Mrija wa tarumbeta ya B-flati una urefu wa karibu mita 1.48, wa soprano ya G unakaribia mita 1.76. Hizo sentimita 28 huwezi kuzikata ukabaki na chombo.

Tukasema basi, tutahamisha noti. Wimbo ambao tarumbeta zetu zinaupiga kwenye C, soprano ya G inabidi iupige kwenye E-flati ndipo wakutane. Hapo ndipo tulipokwama kabisa. Chombo cha vali mbili kati ya C ya chini na C inayofuata kinakosa noti 4: C-shapu, D, E-flati na A-flati. Sasa hebu angalieni: skeli ya E-flati inaanza na E-flati yenyewe, na fa yake ni A-flati. Yaani do na fa hazipo. Nyimbo za harusi zetu zote zinakaa hapo hapo.

Tangu siku hiyo nimesoma sana habari za vyombo hivi, na ninachotaka kuwaeleza ni hiki: jina lile halikuwa na kasoro kwa watu waliolitunga.

Baragumu la jeshi la Marekani, lile la mfano wa 1892, lilikuwa la G na halikuwa na vali hata moja. Mpulizaji anabadilisha sauti kwa midomo na pumzi, kwa hiyo anapata tu zile ambazo mrija wenyewe umezaliwa nazo, hasa sol ya chini, do, mi, sol, na do ya juu. Mlio wanaoupiga kwenye mazishi ya askari wao una noti 24, na zote zinatoka kwenye sauti 4 tu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza askari wakarudi makwao, American Legion, chama cha askari wa zamani, kikaundwa 1919, na matawi yake yakaanzisha vikosi vya ngoma na baragumu, vikawa vinashindana. Kii ikabaki ile ile ya jeshini.

Vali ziliingia kwa kusitasita, na kila moja ilikuwa na mabishano yake. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikaja pistoni moja iliyolala ubavu; ukiibonyeza G inashuka hadi D. Baadaye wakaongeza vali ya kuzunguka ili wapate na F-shapu. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa na vali 2 za kusimama. Drum Corps International (DCI), waandaaji wa mashindano ya vikosi hivyo, ambao fainali yao ya kwanza ilikuwa Whitewater, Wisconsin, 1972, wakaruhusu vali ya tatu 1990. Kisha 2000 wakaruhusu kii yoyote. Vikosi vikahamia B-flati na F, na mabaragumu ya G yakauzwa kwa wingi. Hayo ndiyo yanayozunguka mtandaoni mpaka leo, na mawili yako kwangu.

Kwa hiyo kwa miaka mingi sana ukisema "soprano" ndani ya kikosi, kila mtu anajua ni G. Melofoni, ile ya sauti ya kati, ni G. Baritoni ni G, oktava moja chini. Yufoniamu ni G. Kontrabasi, ile kubwa inayobebwa begani mdomo ukiangalia mbele, ni G pia. Wote walisoma ufunguo wa juu, yaani ile alama ya noti za sauti ya juu mwanzoni mwa mistari, vidole vile vile, hata yule wa chini kabisa. Hakukuwa na sababu ya kii kukaa kwenye jina. Jina lilibaki na kazi moja, kusema wewe ni sauti ipi kwenye mstari. Soprano, alto, tena, baritoni, besi: ni majina ya kwaya. Chombo kikitoka nje ya ukoo huo, kikafika kwa watu kama sisi, kile ambacho jina halikuwahi kukisema ndicho kinachokuumiza.

Naomba kuwasilisha, na kama kuna mwenye uzoefu aongeze.

#2 Mdau_Wa_Mtaa

Mkuu pole sana. Ila mimi naona majina haya yote ni kujichosha. Sisi huku Tanga tunasema tarumbeta dogo, la kati na kubwa. Kila mtu anaelewa na nyimbo zinatoka. Ungeomba picha yenye rula pembeni ungejua kama ni dogo au la kati.

#3 PumziMbili

Asante mkuu, na nakubali mnapiga vizuri. Lakini ukubwa kwa macho unadanganya kuliko jina. Melofoni ya G ukiiweka pembeni ya soprano ya G utasema moja ni la kati na lingine dogo. Mrija wake una urefu ule ule, do yao ni moja. Tofauti ni upana wa mrija na wa mdomo, kwa hiyo rangi ya sauti inabadilika: soprano inakata, melofoni inajaza. Ndivyo ilivyo hata kwa flugelihoni na tarumbeta za B-flati. Na kinyume chake, tarumbeta yangu na soprano zangu kwa macho ni pacha, na ndizo zilizotukataa.

#4 Mwana_Kivu

Jambo wandugu. Mimi niko Bukavu, nimekulia katika fanfare, yaani bendi ya shaba, ya kanisa. Nimesoma na nimestuka juu ya neno hilo "bugle", kwa maana kwetu tulipokea majina kwa Kifaransa. Katika Kifaransa, bugle ni ile flugelihoni: ina vali 3, ni ya B-flati, sauti yake ni ya upole. Lile la askari, lisilokuwa na vali, linaitwa clairon. Maneno mawili mbalimbali, hayaingiliani.

Basi mtu wa Bukavu akiona tangazo la Marekani "bugle" anawaza flugelihoni. Mtu wa Dar anawaza baragumu la jeshi. Na kitu kinachokuja katika sanduku kinaweza kuwa na vali 2 na kii ya G, hakifanani na hivyo vyote viwili. Ndugu zetu Wakimbangu, wa kanisa la Simon Kimbangu, wana fanfare kubwa sana kule Kinshasa na pande zote za nchi, na wote wanatumia majina ya Kifaransa. Wanaonunua Ulaya na wanaonunua Amerika wasichanganye orodha.

#5 BesiYaMarangu

Shikamooni wakubwa, na vijana salamu zenu.

Nimepiga tarumbeta kanisani miaka 31, KKKT, huku mlimani. Sisi majina yetu yalikuja na Wajerumani. Misheni ya Leipzig ilifika Kilimanjaro 1893, na utaratibu wa kundi la vyombo vya shaba kuongoza nyimbo za ibada ni wa kwao. Kwa Kijerumani kundi hilo linaitwa Posaunenchor, maana yake kwaya ya matromboni, lakini ndani yake kuna tarumbeta, kuna honi, kuna tuba, na tromboni ni baadhi tu. Neno hilo wamelitoa kwenye Biblia ya Luther, ambamo Posaune ndilo sisi tunaloliita parapanda. Nasi tukasema "kwaya ya tarumbeta", na ndani yake kuna kila kitu. Kwa hiyo tusiwashangae Wamarekani wakiita mstari wao wote "mapembe" wakati hakuna pembe hata moja.

Sasa nizungumzie kitu kimoja ambacho mleta mada amekigusa kidogo tu, na kwangu ndicho kikubwa: jina la noti. Kwa Wajerumani herufi B ni B-flati ya Waingereza, na B ya Waingereza wao wanaiita H. Chombo kilichogongwa chapa "in B" na fundi wa Kijerumani ni cha B-flati. Nimeona vijana wanakataa chombo kizuri wakidhani ni cha kii ya ajabu.

Halafu kuna usomaji. Utaratibu wa Kuhlo, mchungaji wa Kijerumani, ambao ndio wa makundi ya kanisa la Kijerumani, ni kwamba mpulizaji anasoma noti kama zinavyolia kwenye kinanda. Ukiona C kwenye karatasi, inalia C ya kinanda, uwe na tarumbeta, uwe na tuba. Mwenye tarumbeta ya B-flati anajifunza tangu mwanzo kwamba C yake ya karatasi anaibonyezea vali 1 na 3 au anaikuta mahali pengine. Faida yake ni kwamba jina la kii ya chombo halimsumbui mwimbaji wala mpiga kinanda. Hasara yake ni kwamba mtu akihamia chombo cha kii nyingine anajifunza vidole upya. Wale wa baragumu walifanya kinyume: vidole ni vile vile kwa wote, karatasi ndiyo inayobadilika. Kijana wa miaka 14 anahama soprano leo, kesho anabeba baritoni, keshokutwa kontra, bila kujifunza kidole kipya. Kwa kikosi cha vijana wanaoingia na kutoka kila mwaka, ile ni hekima kubwa. Mimi nimefundisha vijana, najua kazi ya kumhamisha mtu kutoka tarumbeta kwenda tuba.

#6 KonetiKakamega

Hamjambo wote. Mzee wa Marangu shikamoo. Kwetu Kenya, Jeshi la Wokovu lilianza 1921 na bendi zake ni za Kiingereza kabisa, na zinafanya kama hao wa baragumu: karibu kila mtu anasoma ufunguo wa juu, kuanzia koneti hadi besi kubwa. Wa kusoma ufunguo wa besi ni tromboni besi peke yake.

Naongeza jina moja lililotutesa sisi. Tenahoni. Kwa Mwingereza tenahoni ni ya E-flati. Mmarekani hiyo hiyo anaiita altohoni. Mjerumani akisema Tenorhorn anamaanisha chombo kingine, cha B-flati, kikubwa zaidi, kinachokaribia baritoni. Chombo kimoja majina mawili, jina moja vyombo viwili. Bendi yetu ilipewa msaada wa vyombo kutoka nchi mbili tofauti mwaka mmoja, na sanduku mbili zimeandikwa tenahoni. Tulipoteza mazoezi matatu kabla ya kujua kwa nini mstari wa pili unalia vibaya.

#7 Mdau_Wa_Mtaa

Wakuu nimesoma yote, narudisha maneno yangu ya rula. Swali: kwa hiyo ukiona "contra" ni tuba au siyo tuba? Tunaitafuta besi ya kutembea nayo, maana yetu inabebwa kifuani na mpigaji haoni njia.

#8 HoosierMswahili

Mkuu nikujibu mimi, naishi Indiana. Fainali za DCI zinafanyika Indianapolis tangu 2009, na nimeingia uwanjani mara kadhaa.

Kontra ya zamani ni kontrabasi ya G. Kwenye orodha nyingine utaona GG, herufi mbili, kama vile tuba inavyoandikwa BBb, ambapo b ndogo ni flati. Kurudia herufi ni kusema iko chini sana. Iko nusu toni 3 chini ya tuba ya BBb, tofauti ile ile iliyoko kati ya soprano ya G na tarumbeta yako. Jina lilikuja hivyo kwa sababu "besi" lilishatumika kwa baragumu jingine lililo dogo zaidi, kwa hiyo kubwa kuliko hilo likaitwa kontra.

Tatizo ni kwamba baada ya 2000 jina halikuondoka midomoni. Kwenye karatasi sasa ni tuba, ni ya BBb, na mara nyingi mpigaji anasoma ufunguo wa besi. Lakini simama getini vijana wakishuka kwenye basi, utasikia "kontra, huku!" Soprano lilikufa haraka, siku hizi wanasema tarumbeta. Kontra limebaki, na nadhani ni kwa sababu linaeleza kitu ambacho "tuba" halielezi: chombo kiko begani, mdomo unatazama watu, na unatembea nacho. Tuba ya kukaa kitini ina jina hilo hilo la tuba. Kontra ni moja tu.

Na vikosi vyenyewe bado vinajiita vya ngoma na baragumu, ingawa wengi wa waliomo hawajawahi kushika baragumu la G. Sheria ilisema kwa miaka mingi "shaba yenye vali, mdomo mbele", ndiyo maana tromboni haikuwepo mpaka miaka ya 2010.

Kwa hiyo tangazo likisema kontra, uliza kii na idadi ya vali. Vali 2 ni G bila shaka. Vali 3 inaweza kuwa G ya miaka ya 1990, inaweza kuwa BBb. Vali 4, uliza tu.

#9 PumziMbili

Asanteni sana wote. Mzee wa Marangu, maneno yako ya vidole yamenikaa.

Kuna jambo limekuwa likinizunguka kichwani tangu nianze kusoma haya. Sisi tuna majina yetu ya vyombo vya kupuliza ya zamani kuliko matarumbeta: mbiu, baragumu, gunda, siwa, parapanda. Hakuna hata moja linalosema ukubwa au kii. Mbiu ni ya kutangazia, ndiyo maana ikilia ya mgambo watu wanajua kuna jambo. Siwa ni ya utawala wa mji. Ile ya pembe za ndovu ya Pate na ile ya shaba ya Lamu hazikupulizwa ovyo. Jina lilisema kazi, na mji mzima ulijua mengine. Ndivyo walivyofanya wale Wamarekani na soprano yao. Hata neno lao "bugle" lilianzia kwenye pembe la ng'ombe dume mchanga, kwa Kilatini, kama sisi na pembe ya nyati.

Mimi sitaki tuache majina ya sauti. Nayapenda, yanamwambia kijana nafasi yake kabla hajagusa chombo. Ila sisi tunaonunua kwa watu wa mbali hatumo katika mji ule, kwa hiyo lazima tuyabebeshe mzigo zaidi. Kwenye kikundi chetu nimechora kwa rangi kwenye kila sanduku vitu vitatu: sauti, kii, vali. "Kwanza, B-flati, 3." "Kwanza, G, 2." Mtu mpya akija hana haja ya kuuliza.

#10 BesiYaMarangu

Umefanya vyema mwanangu. Ongeza na la nne, ufunguo anaosoma. Na hizo soprano usiziuze kwa hasira. Kaeni kwenye G ya kinanda, tarumbeta zenu zipige kwenye A, shapu 3, mfanye mazoezi. Soprano zitapiga kwenye C yao. Ile D na A-flati msizitafute chini, na wimbo uende sol, do, mi, sol za juu, ambako chombo hicho kimezaliwa. Kwa kuingiza bwana na bibi harusi ukumbini, hakuna tarumbeta itakayoshindana nacho.

#11 Mdau_Wa_Mtaa

Na kabla ya kulipa mtu afanyeje? Wauzaji wengine wenyewe hawajui kii. Mmoja kaniandikia tu "old marching horn".

#12 HoosierMswahili

Mwambie apulize bila kubonyeza vali yoyote, arekodi kwa simu sekunde 5 kila sauti, kuanzia anayoipata kirahisi halafu apande. Wewe weka rekodi kwenye programu ya kupima noti. Sauti za wazi zikiwa B-flati, F, B-flati, D, ni ya B-flati. Zikiwa G, D, G, B, ni ya G. Zikiwa F, C, F, A, ni ya F. Hata asiyejua muziki anaweza kupuliza hivyo.

#13 PumziMbili

Wakuu, narudi na mrejesho. Tumeona melofoni, muuzaji mwingine, hakuandika kii. Nimemwomba apulize kama alivyoelekeza kaka wa Indiana. Kwanza alikataa, akasema yeye anauza vyombo vya marehemu baba yake na hajui kupuliza. Nikamwelekeza midomo, nikamtumia na sauti yangu. Siku ya tatu akatuma.

F, C, F, A. Vali 3.

Nimelipa asubuhi ya leo. Mzee wa Marangu, sauti ya pili tutaiandika upya kwa ajili yake, kwinti moja juu ya kinanda. Naomba unikagulie karatasi nikimaliza.

#14 BesiYaMarangu

Lete.